Kidonda Kidogo Kisidharauliwe

Mkazi wa Gisenyi hahitaji kwenda vitani ili ajeruhiwe. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe meusi ya volkano yenye ncha kali, na kuta nyingi zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Mtoto akianguka, goti huchanika. Siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majembe na mapanga hukutana na vidole vya miguu. Wavuvi wa sambaza hurudi alfajiri kutoka Ziwa Kivu wakiwa na michubuko ya kamba mikononi, naye askari hutoka doria na malengelenge ndani ya buti.

Mengi ya majeraha hayo hayaui yenyewe. Kiuacho ni uchafu uingiao baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika, zaidi ya watu 130 walipoteza maisha katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Tope la mafuriko ya namna ile huzoa maji ya vyoo, samadi, mabati na misumari, na mtu akatwaye humo hubeba hatari mwilini hata baada ya maji kupungua. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika samadi. Hupenda tundu jembamba lililoingia ndani, mahali ambapo hewa haifiki, kama vile tundu la msumari. Kidonda chaweza kuonekana kimefunga, kisha baada ya siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu, taya likakaza na mgongo ukapinda. Kinga yake ni chanjo. Kwa hiyo aliyechomwa na kitu kichafu, na hakumbuki alichanjwa lini, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Katika uuguzi, kazi huanza kwa mikono ya muuguzi. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, katika hospitali ya Vienna, aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Sisi wa Rubavu tulilijua somo hilo mpakani: wakati wa Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, aliyevuka kwenda au kutoka Goma alinawa na kupimwa joto. Ni ajabu kwamba mtu aliyenawa ili afike sokoni humshika mwanawe kidonda kwa vidole vilivyotoka kumenya viazi! Nawa kwa sabuni, kati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda wa sekunde 40 hadi 60. Ikiwa kidonda ni cha mtu mwingine, vaa glavu. Zikikosekana, mfuko safi wa plastiki utafaa. Ugonjwa wa Marburg ulipoingia Rwanda mwaka 2024, watu 66 waliugua na 15 wakafa, na wengi wa walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya. Majimaji ya mwili wa mgonjwa hayamheshimu mwenye cheti.

Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Kisha osha kwa maji safi yanayotiririka. Ya kunywa, au yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya ziwa hayafai. Usitie majivu, kahawa, dawa ya meno, samadi, wala unga wa kapsuli uliopasuliwa. Klorini ni ya sakafu na vyombo. Wapo pia wanaokiacha kidonda wazi ili "kipigwe na upepo", na hapo nzi hufaidi kuliko mgonjwa. Kidonda kilichofunikwa kwa shashi safi hupona vizuri zaidi. Badilisha shashi inapolowa au kuchafuka, na ikiwa imeganda, ilowanishe kwanza. Lengelenge la askari lisipasuliwe.

Akina mama watazame dalili hizi: wekundu unaopanuka, joto, maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua, usaha, harufu, homa, au mtoki. Mojawapo ikionekana, usingoje kesho. Mwenye kisukari asingoje hata dalili, hasa jeraha likiwa mguuni, kwani huenda asisikie maumivu. Aliyeumwa na mbwa aoshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali hata kama alama ni ndogo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaanza hakina tiba.

Shashi iliyotumika isitupwe uani ambako watoto na kuku hupita. Ifungwe katika karatasi, ichomwe au itupwe chooni penye shimo, halafu mikono inawiwe tena.