Bajeti ya Rangi Ianzie kwenye Msasa

Mwenye gari kuukuu anayetaka kulipaka rangi mwenyewe nyumbani, kwanza huulizia bei ya rangi. Afadhali aulizie bei ya msasa. Rangi ya kiwandani, pamoja na praima yake, kwa kawaida haizidi sana unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na utando mwembamba hivyo hudumu kwa kadiri tu ulivyoshika kilicho chini yake. Chuma kikikutana na maji na oksijeni huota kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Doa lililofunikwa bila kusuguliwa huvimba, huinua rangi na kuipasua, kisha maji yakapata mlango mwingine. Mombasa au Tanga mambo huenda mbio zaidi, kwa sababu kutu hujengwa na mkondo mdogo wa umeme kati ya sehemu moja ya bati na nyingine, na maji yenye chumvi huupitisha vizuri. Kwa hiyo kusugua mpaka bati ling'ae, kufuta mafuta yote, na kupaka praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo hulipa kuliko kopo la rangi la bei maradufu. Pale ambapo rangi ya zamani bado imeshika, hakuna haja ya kuibandua. Mikwaruzo ya msasa wa maji yatosha kuipa rangi mpya pa kung'ang'ania.

Fundi atasema kwamba bila kompresa gari litatoka na michirizi. Si lazima. Rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili: thina huyeyukia hewani, kisha utomvu wa rangi huungana taratibu kwa oksijeni. Kukauka huko kwa polepole ndiko kunakoipa nafasi ya kujisawazisha nyuma ya rola ya sponji. Ukiipaka nene, hata hivyo, juu hufunga ngozi huku chini kukiwa kubichi, na uso mzima hujikunja. Tabaka jembamba, kusubiri, msasa, halafu tabaka jingine. Mng'ao wa kupulizia hutaupata kamili, na kwa gari la kazi sioni hasara kubwa.

Pingamizi zito ni kwamba rangi za kuchanganywa na haidna ni ngumu na hustahimili jua zaidi. Ni kweli. Lakini haidna za poliyurethani huwa na isosayaneti, kemikali zinazoweza kusababisha pumu, na mapafu yakishazikataa, hata kiasi kidogo huweza kumfanya mtu ashindwe kupumua. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Anayepulizia anahitaji kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira kutoka nje, na uani penye watoto rangi hizo si akiba tena. Rangi ya mafuta itachujuka mapema, kwani mionzi ya jua huuvunja utomvu na kuacha unga unaoshika mkononi. Unga huo, hata hivyo, huondoka kwa msasa wa maji, na tabaka moja la rola hurudisha rangi bila kugusa bati, mradi kutu haikuachwa chini.