Binti anarudi kusoma na ana mtoto: Mambo ya kuuliza chuoni kabla ya kufunga safari

Kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijagongwa, baadhi ya wanafunzi wa vyuo vya maendeleo ya wananchi huwa na kazi moja ya kumaliza. Mtoto ameshaogeshwa na kunyweshwa uji. Kwenye mfuko kuna nguo ya kubadilisha, nepi za kitambaa na chupa ya maji yaliyochemshwa. Anakabidhiwa kwa mlezi katika chumba cha watoto, analia kidogo, kisha anavutwa na wenzake wanaocheza mkekani. Mama yake, ambaye huenda hajafikisha hata miaka 20, anakimbilia darasani au karakana ya ushonaji.

Msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaweza kuwa na akili nzuri na hamu kubwa ya kurudi kusoma. Hata hivyo, kila mipango inapoanza nyumbani, swali ni lilelile: nani atakaa na mtoto?

Mara nyingi jibu humwangukia bibi wa mtoto. Naye ana genge lake la nyanya, ana shamba, au ana kibarua kinachomtoa nyumbani alfajiri. Babu bado ana hasira, anakumbuka ada na sare alizonunua, na anaamini kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka unapita, wa pili unapita. Binti anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, au anaozwa kabla hajajua anataka nini maishani. Hakuna aliyekaa chini kuamua kwamba asisome. Ni kwamba swali la mtoto halikupata jibu.

Vyuo ambavyo wazazi wengi huvipita tu

Tanzania ina vyuo vya maendeleo ya wananchi 54, na wengi huviita kwa kifupi FDC. Vilianza mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Julius Nyerere, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden, ambako watu wazima waliokosa shule walipata nafasi ya kujifunza. Viko Ikwiriri na Kisarawe, Newala na Masasi, Urambo na Nzega, Tarime, Kasulu, Ilula na kwingineko. Jijini Dar es Salaam kipo cha Arnautoglu. Leo viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Ni vyuo vidogo. Mara nyingi darasa, karakana, bwalo, mabweni, shamba na nyumba za watumishi vipo katika eneo moja. Udogo huo una faida kwa mzazi. Mwanafunzi asipoonekana asubuhi, ni rahisi kwa matroni, mwalimu au mpishi kugundua kabla siku haijaisha.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Hiyo ni njia moja, na kwa binti mwenye bibi wa kumwachia mtoto inaweza kumfaa. Lakini shule ya kawaida kwa kawaida haina mahali pa kumwacha mtoto wa mwanafunzi. Hapo ndipo vyuo hivi vina jambo la ziada. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, ulioendeshwa na shirika la Karibu Tanzania Organization kwa kushirikiana na serikali na Mastercard Foundation, wasichana waliokatisha masomo walipokelewa vyuoni, na vituo vya kulelea watoto mchana vikaanzishwa humohumo.

Anasoma nini?

Zipo njia mbili, na mwanafunzi anaweza kuzifuata kwa pamoja.

Ya kwanza ni sekondari kwa njia mbadala, ambapo masomo ya miaka 4 hubanwa ili yamalizike katika miaka 2. Aliyeacha shule kabla ya kufaulu upimaji wa kidato cha pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT. Baada ya hapo hufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea chini ya Baraza la Mitihani. Kwa hiyo mzazi anapaswa kutafuta nyaraka za binti mapema: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya darasa la saba na ya kidato cha pili kama yapo. Karatasi hizi huamua aanzie wapi.

Ya pili ni ufundi: ushonaji, upishi, umeme wa majumbani, useremala, uashi, uchomeleaji, ufundi magari, kilimo na mifugo, kutegemea chuo. Zipo kozi fupi na zipo ndefu za ufundi stadi zenye ngazi 3. Mzazi asikimbilie kumchagulia binti cherehani kwa sababu tu ni msichana. Fundi umeme wa kike naye hupata kazi, na binti akisoma kitu asichokipenda huku akilea, uchovu humshinda haraka.

Siku ilivyo

Siku ya mwanafunzi mwenye mtoto haina nafasi ya kupumzika. Anaamka kabla ya wenzake, anafua, anamwandaa mtoto, anawahi kipindi. Saa ya mapumziko wengine wanapiga soga chini ya mwembe, yeye anakwenda kunyonyesha. Jioni anamchukua mtoto, anakula, anambembeleza alale, ndipo anafungua daftari.

Kituo cha watoto humpa yale masaa ya katikati. Anamsikiliza mwalimu akijua mwanawe yuko hatua chache kutoka hapo. Mtoto naye anakua akimjua mama yake. Katika nyumba nyingi ambako binti huondoka na kumwacha mtoto kwa bibi, mtoto huishia kumwita bibi “mama” na mama yake mzazi “dada”. Wakubwa hucheka, lakini binti anayerudi likizo akakuta mwanawe anamkimbia hulibeba jambo hilo moyoni.

Huduma nyingine za chuo nazo zina kazi yake. Matroni ni mtu wa kwanza wa kumwendea kukiwa na tatizo bwenini. Mwalimu wa ushauri humsaidia msichana anayelia usiku, anayesemwa na wenzake, au anayefuatwa na mwanaume yuleyule aliyemwacha. Ipo pia michezo: katika vyuo hivi, mpango wa Mpira Fursa umewapa wasichana nafasi ya kucheza mpira wa miguu. Mzazi anaweza kuona ni mchezo tu, lakini kwa binti aliyeitwa “mama fulani” tangu akiwa na miaka 16, saa moja uwanjani humkumbusha kuwa bado ni kijana.

Mambo yanapoharibika

Pigo kubwa huja mtoto anapougua. Homa ikimpanda usiku, mama hakosi tu usingizi, anakosa na vipindi vya kesho. Ikitokea mara tatu kwa mwezi, anabaki nyuma, anaona aibu kuuliza, na taratibu anaanza kufungasha.

Hili linahitaji mpango kabla halijatokea. Mtoto aondoke nyumbani akiwa amekamilisha chanjo za umri wake na kadi ya kliniki iwe kwenye begi. Kwa sera ya taifa, watoto wa chini ya miaka 5 hupata matibabu bila malipo katika vituo vya serikali, lakini binti anahitaji kujua zahanati ya karibu iko wapi na usafiri wa usiku unapatikanaje. Mkuu wa chuo na matroni wawe na namba ya simu ya mzazi, na mzazi awe na zao.

Jambo la pili ni pesa ndogondogo. Hata pale masomo na chakula vinapogharamiwa, sabuni, taulo za kike, mafuta ya mtoto, daftari na nauli ya likizo hubaki kwa familia. Msichana asiye na hata shilingi elfu mbili za sabuni ni rahisi kurubuniwa. Kiasi kidogo kinachotumwa kila mwezi kwa tarehe inayojulikana humlinda kuliko kikubwa kinachokuja siku baba akikumbuka.

Na baba wa mtoto? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wote wawili. Familia isiyopata ushirikiano inaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kumalizana kimyakimya kwa mbuzi mmoja au laki kadhaa hakumnunulii mtoto maziwa ya mwaka ujao.

Maswali ya kuuliza

Vyuo havilingani. Kimoja kina chumba kizuri cha watoto na kingine kimejaa. Kabla ya kufunga mizigo, mzazi apige simu au, ikiwezekana, afike mwenyewe na kuuliza:

• Kituo cha watoto kinapokea mtoto wa umri gani, na kinafunguliwa na kufungwa saa ngapi?

• Walezi ni wangapi na watoto ni wangapi? Watoto wanakula nini mchana, na nani anakipika?

• Usiku mtoto analala wapi? Bweni lina vyandarua na maji?

• Mama anaruhusiwa kutoka darasani kunyonyesha?

• Mtoto akiugua na mama akakosa vipindi, anasaidiwaje kufidia masomo?

• Chuo kinalipia nini, na familia inatakiwa kuleta nini?

• Usajili wa mtihani unafanyika lini na nani anaufuatilia?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Kuna watahiniwa wanaosoma mwaka mzima kisha wakakwama kwa sababu usajili wa Baraza ulipita.

Mzazi akifika, aombe kuiona sehemu ya watoto kwa macho yake. Dakika kumi za kukaa pale zitamwonyesha kama walezi wanawajua watoto kwa majina na kama choo ni kisafi.

Nyumbani nako kuna kazi

Binti akija likizo asigeuzwe kuwa msaidizi wa nyumba nzima. Apewe kazi kama wengine, na apewe pia saa ya kusoma huku mtu mwingine akimshika mtoto. Wajomba na shangazi waambiwe mapema kwamba habari ya ujauzito imekwisha kuzungumzwa. Maneno kama “tulikupa nafasi ukaichezea”, yakisemwa kila anapoomba nauli, humfanya aache kuomba, na baadaye aache chuo.

Hasira ya mzazi inaeleweka. Alijinyima, na alikuwa na ndoto zake. Lakini kuteleza si kuanguka, na mjukuu atakulia mikononi mwa mama yuleyule, awe amesoma au hakusoma.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Siku hizo mtahiniwa hawezi kuingia chumba cha mtihani na mtoto, wala hawezi kutoka katikati ya Hisabati kwenda kuangalia nani analia. Kama kituo cha watoto kimefungwa siku hiyo, au mtoto ana homa, lazima awepo mtu wa kumpokea mlangoni. Mzazi anayeweza aweke tarehe hizo kwenye kalenda tangu sasa, atenge nauli, na afike jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi binti atamkabidhi mtoto, atachukua kalamu zake, na kuingia ndani.