Jinsi Akili Inavyochagua Neno

Mtu aonyeshwapo picha ya mbuzi na kutakiwa aitaje, hutamka jina lake katika muda usiofika sekunde moja. Kwa wepesi huo, hudhaniwa kwamba akilini limeamka neno moja tu. Utafiti wa saikolojia umeonyesha vinginevyo.

Mwaka 1935, J. Ridley Stroop wa Marekani aliwapa wanafunzi 100 kazi ya kutaja rangi 100. Rangi zilipokuwa katika miraba mitupu, walitumia wastani wa sekunde 63. Zilipokuwa ni wino wa maneno yanayotaja rangi nyingine, kama vile neno "nyekundu" kuchapwa kwa buluu, walitumia sekunde 110. Mtu aliyezoea kusoma hawezi kulipuuza neno lililo mbele ya macho yake.

Baadaye mbinu hiyo ilitumiwa kwa picha. Mwaka 1990, Herbert Schriefers, Antje Meyer na Willem Levelt walitoa matokeo ya majaribio ya lugha ya Kiholanzi, ambamo mhusika alitaja picha huku akisikia neno asilotakiwa kulijali. Kwa mfano wa Kiswahili, aonaye mbuzi na kusikia "kondoo" huchelewa kuliko asikiaye "meza". Lakini asikiaye "mbuyu", neno linalofanana na "mbuzi" kwa sauti, huwahi. Ucheleweshaji ulitokea neno liliposikika kabla kidogo ya picha. Msaada wa sauti ulitokea liliposikika pamoja na picha au baada yake kidogo. Basi akili huanza kwa maana, ndipo ikatafuta sauti.

Kuhusu chanzo cha ucheleweshaji, wataalamu wamegawanyika. Wengine husema maneno yenye maana za karibu hushindania kuchaguliwa. Wengine husema neno la pembeni huwa limekwisha kuwa tayari kutamkwa, na sharti liondolewe kwanza.

Jambo hili lina uzito darasani. Mwanafunzi aonyeshwaye mchoro wa vena akajibu "ateri" huenda hajui tofauti yake. Huenda pia anaijua barabara, ila neno jirani limetangulia. Alama ya kosa haitenganishi hali hizo mbili. Mwalimu akimwuliza mshipa huo hupeleka damu wapi, jibu litamwonyesha kama kinachohitajika ni kufundisha somo upya au kumpa mwanafunzi nafasi ya kujisahihisha.