Kabla ya Moto Kulikuwa na Unga

Mwalimu wa tafsiri hamalizi muhula bila kuulizwa swali lile lile: neno la Kiingereza “immolate” si kuchoma moto tu? Hapana. Aliyelielewa hivyo hajafungua kamusi nzuri, au amefungua akasoma mstari mmoja akafunga.

Asili ya neno hilo ni unga. Warumi wa kale walikuwa na mola salsa, nafaka iliyokaangwa, ikasagwa na kutiwa chumvi. Waliouandaa ni mabikira wa mungu wa kike Vesta, wale wale waliolinda moto mtakatifu wa Roma. Siku ya sadaka mnyama alinyunyiziwa unga huo kichwani, ndipo kisu kikafuata. Kunyunyiza huko ndiko kulikoitwa immolare, na baadaye jina likabeba shughuli nzima hadi kuchinja. Mola ni jiwe la kusagia. Ndugu yake yumo kinywani mwa kila msomaji, kwa maana magego kwa Kiingereza ni “molars”, meno ya kusaga. Moto ulikuwepo hekaluni, lakini ndani ya neno haumo.

Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1562, ulifundisha kwa Kilatini kwamba katika Misa Kristo anatolewa sadaka bila kumwaga damu, na kitenzi kilichotumika ni hicho hicho. Sasa mfasiri wa “kuchoma” aitafsiri sentensi hiyo! Atakuwa amemchoma Kristo altareni kila Jumapili, na paroko atamwita ofisini.

Moto uliingia baadaye, kwa mlango wa matukio. Waingereza wa karne ya 19 walilitumia neno hili kwa wajane wa Kihindu walioteketea na maiti za waume zao, desturi iliyopigwa marufuku Bengal mwaka 1829. Kisha, Juni 11, 1963, mtawa Thích Quảng Đức alijichoma moto hadharani Saigon, Vietnam Kusini, kupinga Wabudha kuonewa na serikali ya Ngô Đình Diệm. Picha ya tukio hilo, iliyopigwa na mwanahabari Malcolm Browne, ikazunguka dunia, na pengine ikafanya kazi kubwa kuliko kamusi zote. Desemba 17, 2010, ikawa zamu ya Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa Sidi Bouzid, Tunisia, naye akajichoma moto. Kwa hiyo maana ya moto ni halali leo. Kosa ni kuirudisha nyuma kwenye maandishi ambayo hayakuijua.

Mfasiri afanyeje? Maandishi ya ibada: kutoa sadaka, kuchinja sadaka. Mtu aliyeacha vyote kwa ajili ya wengine: kujitoa mhanga, au kujitoa kafara. Habari ya mtu na petroli: kujichoma moto, basi. Mwenye bomu: kujilipua.

“Mhanga” nalo lina mashaka yake. Redio zinatangaza “wahanga wa mafuriko” kana kwamba watu hao waliyaendea maji kwa hiari. Hao ni waathirika. Kwa upande mwingine, kujitoa mhanga kuna sifa ndani yake. Mwandishi wa habari anayempa sifa hiyo mtu aliyejiua ameshatoa hukumu kabla msomaji hajapata ukweli. Aandike kilichotokea: alijichoma moto.