Maktaba haikuivunja programu yako

Kila maktaba kubwa inapotangaza kwamba haitahudumia tena toleo fulani la Python, swali huwa lile lile: "Kwa nini mmeivunja programu yangu?" Liliulizwa Django 2.0 ilipoachana na Python 2 mwezi Desemba 2017. Likaulizwa tena Desemba 2023, Django 5.0 ilipotoka ikitaka Python 3.10 au zaidi.

Hakuna kilichovunjwa.

Matoleo ya zamani ya maktaba hayafutwi; yanabaki kwenye hazina ya PyPI, na programu iliyofanya kazi jana itafanya kazi leo. Zaidi ya hayo, kifurushi hubeba maelezo ya Python kinayoitaka, na pip imekuwa ikiyasoma tangu toleo lake la 9.0 la mwaka 2016. Mwenye seva ya Python 3.9 akiagiza Django bila kutaja namba, ataletewa mfululizo wa 4.2, wa mwisho unaomfaa. Anayekataliwa ni yule aliyeiandika 5.0 kwa mkono wake, mara nyingi baada ya kunakili faili la mtu mwingine bila kulisoma.

Basi hapo ndipo huingia tiba ya mtaani: ongeza --ignore-requires-python kwenye amri, mambo yaende. Ushauri huu hupokezanwa kwa ujasiri wa kushangaza. Kinachofanyika ni kuiambia pip isiangalie sharti. Sharti lenyewe liko pale pale. Ni sawa na kung'oa kibao cha "Hatari, umeme" ukadhani umeme umekatika.

Ubaya wake ni kwamba huonekana imefaulu. Maktaba iliyoandikwa kwa Python tupu hushuka na kuwekwa vizuri, na pip hutangaza mafanikio. Ikiwa ndani yake mna neno match, lililoingia na Python 3.10, faili lenye neno hilo litakataa mara tu linapoitwa, na huyo mgonjwa ana bahati: ameumwa mapema. Hatari kubwa zaidi ni zip() yenye kigezo cha strict, nacho cha 3.10. Kisarufi haina kosa lolote machoni pa Python 3.9, kwa hiyo programu huwaka, kurasa hufunguka, na kila mtu hurudi nyumbani. Hitilafu hungoja mstari huo ufikiwe. Ukiwa kwenye hesabu za kufunga mwezi, utafikiwa siku ya kufunga mwezi.

Wapo wanaodai watunzaji wangeacha tu mistari ya zamani, kwani inamdhuru nani? Inawadhuru wao. Matoleo matano ya Python yakijaribiwa kwenye Linux, Windows na macOS ni majaribio 15 kwa kila badiliko, na wengi wa watunzaji hao hawalipwi. Python 2 iliwahi kuongezewa muda, kutoka 2015 hadi 2020, na bado mwisho ulipofika wako waliosema wameshtukizwa!

Cha kufanya ni kifupi. Asiyeweza kuhama leo aandike django<5 na ajue 4.2 ilipewa miaka mitatu tu kuanzia Aprili 2023. Anayeweza kuhama aweke Python mpya kando kwa pyenv au uv, atengeneze venv, aendeshe majaribio yake, ahame. Python ya mfumo wa Linux asiiguse, kwa sababu zana za mfumo wenyewe huitegemea. Mwenye Red Hat 9 hupewa viraka vya Python 3.9 na Red Hat, ila viraka hivyo havigusi Django aliyoishusha mwenyewe kutoka PyPI.

Python 3.9 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025. Kabla ya kumwandikia mtunzaji yeyote malalamiko, andika python3 --version, ulinganishe jibu na kalenda ya matoleo.