Je, Wajua? Kadi Moja, Milango Mingi

Je, wajua kwamba nchini Estonia mtu anaweza kuazima kitabu maktaba, kuchukua dawa aliyoandikiwa na daktari, hata kupiga kura kwa intaneti, yote kwa kitambulisho kilekile cha taifa?

Kadi hiyo ilianza kutolewa mwaka 2002. Ina chipu, na mwenyewe hupewa namba mbili za siri: ya tarakimu nne ya kuthibitisha kuwa ni yeye, na ya tarakimu tano ya kutia saini. Kisheria, saini hiyo ina uzito sawa na ya kalamu.

Wengi hudhani kadi ya aina hii imesheheni siri zote za mtu. Wapi! Maktaba inachohitaji ni kukutambua tu. Orodha ya vitabu ulivyoazima hubaki kwenye kompyuta zake, na habari za dawa hubaki upande wa afya. Mfumo uitwao X-Road, ulioanza mwaka 2001, huziwezesha idara kuulizana kinachohitajika bila kumwaga taarifa zote kapu moja. Ujanja uko hapo, si kwenye plastiki.

Ila kadi moja ikiugua, huduma nyingi hutetereka. Mwaka 2017 watafiti waligundua kasoro kwenye chipu, na kadi takribani 750,000 zikawa hatarini. Novemba mwaka huo vyeti vyake vya kidijitali vilisimamishwa hadi vihuishwe. Wengine walihuisha mtandaoni, wengine wakapanga foleni. Kama kitambulisho cha kuonyesha kwa mkono, kadi iliendelea kuwa halali.