Kanisa la Bibi na Mjakazi Wake

Jumatano ya Majivu ilitukuta Roma, sisi akina mama wachache tuliokwenda kuhiji. Asubuhi hiyo, tukiwa tumefunga, tulipanda kilima cha Aventino kuliona kanisa la Mtakatifu Sabina.

Tangu zamani Roma ina desturi nzuri: kila siku ya Kwaresima ina kanisa lake, na waamini hukusanyika humo kusali. Kanisa la siku ya kwanza ni hili. Kwa muda mrefu Mapapa walikuwa wameacha kwenda huko, lakini Papa Yohane wa XXIII (1958–1963) aliirudisha desturi hiyo. Hata sasa Papa, au mwakilishi wake, huja hapa kwa maandamano kutoka kanisa jirani la Mtakatifu Anselmi, naye huwapaka waamini majivu.

Kanisa hili lilianza kujengwa mwaka 422 na padre mmoja aliyeitwa Petro, mwenyeji wa Iliria. Limekaa karibu miaka 1,600! Ndani zimesimama nguzo 24 za marumaru nyeupe. Mapambo ni machache, na mwanga huingia taratibu kutoka madirisha ya juu. Ukutani, juu ya mlango, maandishi ya vijiwe vya rangi humsifu Padre Petro kuwa aliwapa maskini mali yake, na mwenyewe akaishi kimaskini. Kando ya maandishi wapo wanawake wawili, kila mmoja ameshika kitabu wazi. Mmoja ni mfano wa Wakristo waliotoka kwa Wayahudi, mwingine wa waliotoka kwa mataifa.

Tulisimama sana mbele ya mlango wa mberoshi uliochongwa katika karne hiyo hiyo ya 5. Kati ya picha zake 28, zimebaki 18. Juu pembeni kuna picha ndogo ya Yesu kati ya wanyang'anyi wawili, mikono ameinyosha. Ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kusulubiwa kwake zilizobaki duniani.

Lakini Sabina ni nani? Mapokeo husema alikuwa mjane tajiri wa Kirumi, mwenye mjakazi aliyeitwa Serapia. Mjakazi ndiye aliyekuwa Mkristo, naye alimfundisha bibi yake imani. Serapia aliuawa kwa ajili ya Kristo. Sabina hakumkana, alimzika kwa heshima, na baadaye naye akauawa. Wanahistoria husema habari hizi ziliandikwa baadaye sana, na huenda Sabina alikuwa tu mwenye nyumba ambamo Wakristo wa kwanza walisali. Hata hivyo, kwa karne nyingi Wakristo wamesimuliana habari hizi: bibi alikubali kufundishwa na mtumishi wake.

Tulipokaa kupumzika, mwenzetu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Jamani, yule binti anayenisaidia kazi nyumbani, husali wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja alikuwa anamfikiria wake. Tulikuwa tumefika Roma kwa sababu kuna binti aliyebaki na watoto wetu. Jumapili tunavaa vitenge vyetu vizuri na kwenda Misa, yeye tunamwacha na sufuria jikoni. Tunajinyima nyama siku ya Ijumaa, na mshahara wake tunauchelewesha. Wengine wetu hatukujua hata jina la kijiji alikozaliwa. Tuliona aibu.

Mwenzetu huyo aliporudi nyumbani, Jumapili iliyofuata alibaki mwenyewe na watoto, binti akaenda Misa ya kwanza. Aliporudi, mama alimwuliza Padre amehubiri nini. Binti alieleza habari yote, tangu somo la kwanza mpaka mwisho, na mama akasikiliza huku akichambua mchele.

Akina mama wapendwa, si wote tutakaofika Aventino, wala si lazima. Serapia huenda yuko jikoni kwetu sasa hivi. Kwaresima hii tumlipe kwa wakati, tule naye meza moja, tupeane zamu ya kwenda kusali. Na akisema neno, tumsikilize.